Kiasi na Kasi: Kupima Jinsi Zebaki-methili Inavyovunjika katika Tope la Ardhi Oevu

Hotuba iliyotolewa Busia, Uganda, mbele ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, wavuvi, wakulima wa mpunga, walimu na maofisa wa mazingira

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, ndugu wachimbaji na wavuvi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioacha masomo ya asubuhi kuja kutusikiliza: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kukubali tuzungumze Kiswahili, kwa sababu humu ukumbini wamo Wasamia, Wagwe, Waiteso, Waganda na ndugu zetu waliovuka mpaka alfajiri kutoka upande wa Kenya, na lugha hii ndiyo inayotuketisha sote kwenye mkeka mmoja.

Nitaanza na swali ambalo si langu. Siku moja nilikuwa nimesimama ndani ya kinamasi, maji yakinifika mapajani, nikihangaika kuchomoa bomba la plastiki lililojaa tope jeusi, na mzee mmoja aliyekuwa ukingoni akikata mafunjo ya kusukia mikeka akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hili tope linaila zebaki, au linaitunza tu?" Nilimjibu harakaharaka kwamba linaivunja, nikaendelea na kazi yangu. Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa nusu ya jibu, na hiyo nusu niliyombakizia mzee ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Zebaki tunayoifahamu hapa ni ile inayong'aa kama fedha iliyoyeyuka na kuteleza ndani ya karai, nzito mara 13 na nusu kuliko maji. Mchimbaji akishasaga mawe kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kupitisha unga wake kwenye mwalo, yaani mfereji wa kuoshea, huimimina juu ya mchanga mzito uliobaki ili ishikane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki ikapaa kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Sehemu inayopaa hurudi ardhini baadaye, nyingine karibu na nyingine mbali sana. Sehemu inayomwagika hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, na mvua kubwa huyasomba marudio hayo hadi mabondeni, na mabonde yetu, kama mjuavyo, ni vinamasi. Maji ya wilaya hii huteremka kwa njia mbili: mengine huelekea kusini, Majanji na Ziwa Victoria, na mengine huufuata mto Malaba hadi Mpologoma na hatimaye Ziwa Kyoga. Njia yoyote utakayoifuata kutoka chimboni hadi ziwani, utalipita tope.

Ndani ya tope hilo zebaki haibaki ilivyokuwa. Polepole hugeuka kuwa chumvi, yaani zebaki isokaboni, na chumvi hiyo hukutana na bakteria wanaoishi mahali pasipo na oksijeni. Wapo wanaopumua salfeti badala ya oksijeni, wapo wanaopumua chuma, na wapo viumbe wadogo wanaotengeneza gesi ya methani; baadhi yao wana uwezo wa kuibandika zebaki kipande kidogo chenye kaboni moja na hidrojeni tatu, kinachoitwa methili. Jeni mbili zinazowapa uwezo huo, hgcA na hgcB, zilitambuliwa mwaka 2013 tu, ingawa wanasayansi walijua kwa miongo kadhaa kabla ya hapo kwamba tope hufanya kazi hiyo. Kinachotoka ni zebaki-methili, na kipande hicho kidogo hubadilisha kila kitu. Zebaki ile ya kimiminika inayong'aa ukiimeza, nyingi itapita tumboni bila kufyonzwa, ingawa mvuke wake ukiuvuta ni hatari kubwa. Zebaki-methili ukiila pamoja na samaki, karibu yote huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito hufika kwa mtoto aliye tumboni. Tena haipungui inapopanda kutoka kiumbe mmoja kwenda mwingine, bali huongezeka: mwani huliwa na wadudu wa majini, wadudu na dagaa, dagaa na sangara, na kila ngazi huwa na nyingi kuliko ile ya chini yake.

Habari ya Minamata wengi mmeisikia, nami sitaikawiza. Tarehe 1 Mei 1956, katika mji huo wa Japani, iliripotiwa rasmi kwamba watu walikuwa wakiugua ugonjwa wa neva usiojulikana. Baadaye ikathibitika kwamba chanzo ni samaki na kome wa ghuba ambamo kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki-methili. Mkataba wa kimataifa wa zebaki unaobeba jina la mji huo ulikubaliwa Oktoba 2013, ukaanza kufanya kazi Agosti 2017, na Uganda iliuridhia mwaka 2019. Tofauti moja muhimu ni hii: kule kiwanda kilimwaga zebaki-methili iliyokwisha kutengenezwa, lakini hapa kwetu hakuna anayeimwaga. Hapa hutengenezwa ndani ya tope lenyewe, na ndani ya tope hilohilo huvunjwa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Tunapokwenda kupima kinamasi, jambo rahisi ni kupima kiasi: tunachota tope, tunalipeleka maabara, tunaambiwa kuna nanogramu kadhaa, yaani sehemu za bilioni za gramu, za zebaki-methili katika kila gramu moja. Ripoti nyingi huishia hapo. Nami nasema, bila kuwadharau walioziandika, kwamba kiasi peke yake hakitoshi, na kwamba tunachohitaji kukijua zaidi ni kasi. Katika Kiswahili maneno hayo mawili yanatenganishwa na herufi moja tu. Katika tope yanatenganishwa na kazi ya miaka.

Fikirini mtungi wenye tundu chini yake, umewekwa penye bubujiko la chemchemi. Maji yanaingia juu, yanavuja chini, na usawa wa maji ndani ya mtungi hautikisiki. Mtu akija na kupima kina cha maji atapata namba sahihi kabisa, lakini namba hiyo haitamwambia kama chemchemi inabubujika kwa nguvu na tundu ni kubwa, au chemchemi inadondoka tone moja moja na tundu ni dogo kama la sindano.

Niwape mfano wa hesabu, na namba zake nimezibuni mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Vinamasi viwili vina zebaki isokaboni nanogramu 100 kwa kila gramu ya tope, na zebaki-methili nanogramu 1. Kwa macho ya ripoti ya kiasi, vinamasi hivyo ni mapacha. Katika kinamasi cha kwanza, asilimia 0.2 ya zebaki isokaboni hugeuzwa kila siku, yaani nanogramu 0.2, na asilimia 20 ya zebaki-methili huvunjwa kila siku, nayo pia ni nanogramu 0.2. Katika kinamasi cha pili kila kitu kinakwenda polepole mara kumi: zinatengenezwa nanogramu 0.02 na zinavunjwa nanogramu 0.02. Ukigawanya 0.693, namba ya kudumu ya hesabu za namna hii, kwa sehemu inayovunjwa kila siku (0.2 kwa kinamasi cha kwanza, 0.02 kwa cha pili) unapata muda ambao nusu ya zebaki-methili iliyopo huwa imevunjika: katika kinamasi cha kwanza ni siku tatu na nusu hivi, katika cha pili ni kama siku 35. Kwa hiyo kipimo kimoja kilichochukuliwa katika kinamasi cha kwanza kinazungumzia wiki hii tu, wakati kile cha pili bado kinakumbuka mvua za mwezi uliopita. Na jambo la kutisha zaidi: kitu kikiwadhoofisha bakteria wavunjaji wa kinamasi cha kwanza wakavunja nusu ya walivyokuwa wakivunja, huku watengenezaji wakiendelea kama kawaida, zebaki-methili itaongezeka maradufu ndani ya wiki chache, bila mchimbaji yeyote kumwaga hata tone moja la ziada.

Hapo ndipo tunapolazimika kuuliza nani anavunja, na anavunjaje. Njia ya kwanza ni jua. Mwanga wa jua unaopenya kwenye maji maangavu huvunja zebaki-methili, na katika maziwa mengi hiyo ni njia kubwa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kupita katikati ya mafunjo anajua kwamba chini yake ni giza hata saa sita mchana. Katika vinamasi vyetu vilivyofunikwa, na ndani ya tope lenyewe, jua halina kazi; karibu kazi yote wameachiwa bakteria.

Bakteria nao wana njia mbili, na tofauti yake si ya kitabuni tu. Wengine wana mfumo wa kujikinga na sumu, unaoendeshwa na jeni ziitwazo mer. Kimeng'enya kimoja, MerB, hukata kiungo kati ya kaboni na zebaki, na methili ikatoka kama gesi ya methani. Kingine, MerA, huichukua zebaki iliyobaki na kuigeuza kuwa zebaki ya kawaida inayoweza kuwa mvuke na kuondoka kwenye tope. Bakteria hawa hustawi hasa mahali palipochafuliwa sana. Wengine hawajikingi na chochote: huila methili kama wanavyokula chakula kingine, wakatoa kaboni dioksaidi kwa wingi na methani kidogo, na zebaki ikabaki palepale kama chumvi, tayari kubandikwa methili nyingine. Njia hii ya pili ilielezwa mwaka 1991 na Ronald Oremland na wenzake huko Marekani, na huonekana kuwa na nguvu zaidi katika tope lisilo na oksijeni ambalo halijachafuliwa kupita kiasi.

Mzee wa mafunjo akinisikia leo, hili ndilo ningemwongezea: tope huvunja zebaki-methili, ndiyo, lakini zebaki yenyewe haivunjiki. Ni elementi. Huvua shuka na kuvaa shuka. Kwa njia ya kwanza angalau inaweza kuondoka kinamasini na kwenda angani, ambako pia si kwa kupongezwa. Kwa njia ya pili haikutoka hata hatua moja. Ndiyo maana huwa nasononeka ninaposikia ardhi oevu ikisifiwa kuwa chujio la asili kana kwamba chujio halijai. Kwa maji machafu ya mjini sifa hiyo ina ukweli wake, na kinamasi cha Nakivubo kule Kampala kimeibeba kwa miaka mingi. Kwa zebaki, kinamasi ni ghala ambalo ndani yake kuna kiwanda.

Tunaipimaje basi hiyo kasi? Zamani walitumia mionzi. Walitengeneza zebaki-methili ambayo kaboni yake ni ile ya namba 14, wakaiingiza kwenye tope, kisha wakapima ni kiasi gani cha mionzi kimetoka kama methani na kiasi gani kama kaboni dioksaidi. Kwa namna hiyo waliweza hata kujua ni njia ipi kati ya zile mbili inayofanya kazi. Ni mbinu nzuri, lakini mara nyingi iliwalazimu kuongeza zebaki-methili nyingi kuliko iliyokuwepo, na ukimwongezea mtu chakula huwezi kusema umeona anavyokula siku zote.

Siku hizi tunatumia isotopu zisizo na mionzi. Zebaki ya asili ni mchanganyiko wa aina saba zinazotofautiana kwa uzito tu, kuanzia 196 hadi 204; ile ya 202 ndiyo nyingi kuliko zote, karibu asilimia 30, na ile ya 196 ni chache mno. Kwa kemia zote zinafanana, kama ng'ombe wa kundi moja, rangi moja na pembe moja. Tunachofanya ni kununua zebaki iliyochujwa ikawa na isotopu moja karibu tupu, nasi tunakuwa kama tumewatia ng'ombe wetu alama masikioni kabla ya kuwaingiza kwenye kundi. Tunaweza, kwa mfano, kuingiza zebaki-methili yenye isotopu ya 201 na wakati huohuo zebaki isokaboni yenye isotopu ya 199. Ile ya 201 ikipungua katika umbo la methili, ni kuvunjika. Ile ya 199 ikitokea katika umbo la methili, ni kutengenezwa. Na yote mawili tumeyaona ndani ya tope lilelile, kwa wakati uleule, tukiwa tumeongeza kiasi kidogo kinachokaribiana na kile kilichokuwepo.

Kazi ya kinamasini ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo iliyonivunja moyo mara nyingi zaidi. Tope halichotwi kwa jembe. Tunashindilia bomba la plastiki angavu, tunaliziba juu, tunalichomoa taratibu, na nguzo ya tope inatoka ikiwa na tabaka zake zote: juu kahawia kidogo palipogusana na maji, chini yake jeusi tititi, na harufu ya yai viza inayotuambia kwamba kuna salfaidi na hakuna oksijeni. Weusi huo na harufu hiyo ni lazima vifike maabara. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza tope kwenye mifuko, nikaacha hewa ndani kwa uvivu wa kuikamua, nikaipakia kwenye buti la gari. Nilipoifungua jioni, tope lilikuwa limegeuka kahawia. Oksijeni ilikuwa imekwisha kuingia, bakteria niliotaka kuwapima walikuwa wamekufa au wamelala, na namba nilizozipata zilikuwa za tope la ndani ya mfuko, si la kinamasi chochote duniani. Nilizitupa zote, pamoja na petroli na siku tatu za watu waliokuwa wakinisaidia.

Siku hizi hatulihamishi tope kabla ya kuanza. Bomba limetobolewa vitundu ubavuni, kila sentimita moja, vikazibwa kwa silikoni. Tunapitisha sindano kwenye kila kitundu na kudondosha matone machache ya zebaki zenye alama, ambazo tumekwisha kuzichanganya kwa muda na maji yaliyokamuliwa kutoka tope hilohilo ili zizoee mazingira. Halafu mabomba hukaa katika joto lilelile la kinamasi kwa muda uliopangwa. Mengine tunayagandisha papo hapo, muda wa sifuri, mengine baada ya saa chache, mengine baada ya siku moja. Kugandisha ndiko kunakosimamisha saa. Barafu ya wauza samaki haitoshi kwa kazi hiyo. Tunatumia naitrojeni ya kimiminika, ileile inayosafirisha mbegu za madume kwa ajili ya ng'ombe wenu, na ninamshukuru daktari wa mifugo aliyetufundisha kubeba mtungi wake kwenye barabara mbovu bila kuumwaga.

Nikumbushe kidogo kuhusu usalama, kwa vijana mnaotamani kazi hii. Mwaka 1996 Profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na tone moja au mawili ya dimethili ya zebaki juu ya glavu ya mpira. Glavu haikulizuia, na Juni 1997 alifariki. Kemikali hiyo si ile tunayoidunga kwenye tope, na yetu ni myeyusho hafifu sana, lakini tangu hapo hakuna mtu makini anayeamini glavu ya mpira peke yake anaposhika zebaki iliyovishwa kaboni.

Maabara, tope lililogandishwa hukatwa vipande, likatiwa isotopu ya tatu ya kiasi kinachojulikana, ili chochote kitakachopotea njiani kihesabike. Linakenekwa, yaani linachemshwa na mvuke wake kupozwa, zebaki-methili ikatengwa na takataka; kisha inabandikwa kipande cha ethili ili iweze kuwa gesi, inapitishwa kwenye kromatografia ya gesi, inayotenganisha mvuke mmoja na mwingine, na mwishoni inaingia kwenye spektromita ya tungamo, mashine inayozipanga atomu kwa uzito wake na kutuonyesha hizi ni 201, hizi 199, hizi 202. Mashine za bei nafuu hazitofautishi isotopu, lakini nyingi hutumia kitu kitakachowachekesha wachimbaji: mrija mdogo wenye dhahabu ndani. Mvuke wa zebaki unapopita hunaswa na dhahabu, kisha mrija hupashwa moto na zebaki yote hutoka kwa mkupuo mmoja ili ipimwe. Ninyi mnatumia zebaki kuikamata dhahabu na kuichoma zebaki iondoke. Sisi tunatumia dhahabu kuikamata zebaki na kuichoma vilevile. Kemia ni ileile, isipokuwa sisi tunahakikisha mvuke wetu unaishia mahali tunapopajua.

Zipo hila ndani ya vipimo hivi, na ni haki yenu kuzijua kabla hamjaziamini namba za mtu yeyote, zangu zikiwamo. Kukeneka kwenyewe kunaweza kuzaa zebaki-methili kidogo kutokana na zebaki isokaboni iliyo nyingi kwenye tope la machimboni. Asiyejihadhari ataripoti zebaki-methili aliyoitengeneza mwenyewe maabara. Isotopu hutusaidia kuigundua, kwa kuwa methili ya bandia hubeba alama isiyostahili kuwa nayo. Ukiliacha tope muda mrefu mno, zebaki iliyovunjwa huanza kuvishwa methili upya, na kasi ya kuvunjika ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndiyo maana tunahesabu saa badala ya wiki. Na kubwa kuliko zote: zebaki tunayoidunga ni mpya, haijawahi kung'ang'ania chembe za tope wala mabaki ya mimea, kwa hiyo bakteria huifikia kwa urahisi kuliko ile iliyolala hapo miaka. Kwa hiyo tunachokipata ni uwezo wa tope kuvunja, na kuvunjika kwenyewe kwa kila siku huenda kukawa kwa polepole zaidi. Mtu akiwasomea namba ya kasi bila kutaja jambo hilo, mwombeni arudie.

Udhaifu huo wa kipimo chetu, hata hivyo, umefungua macho ya wengi. Kama zebaki mpya hufikiwa kwa urahisi kuliko ya zamani, basi inayomwagwa leo ina uzito kuliko hesabu ya kilo inavyoonyesha. Nchini Canada watafiti walifanya jambo ambalo sidhani lingeruhusiwa mahali pengi: kuanzia mwaka 2001, kwa miaka saba, walikuwa wakiingiza isotopu za zebaki kwenye ziwa dogo na bonde lake, kisha wakaacha, wakaendelea kuwapima samaki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba zebaki iliyomwagwa moja kwa moja ziwani iliingia kwa samaki upesi, na ilipoachwa kumwagwa ilipungua kwa samaki ndani ya miaka michache. Ziwa lile ni la baridi, lenye barafu wakati wa kipupwe, na halina mafunjo wala kamongo, kwa hiyo sitaichukua namba yao na kuibandika Majanji. Tope letu lina joto mwaka mzima, bakteria wake hawapumziki, na inawezekana kutengeneza na kuvunja vyote viwili vinakwenda kasi zaidi. Vipimo vingi vya kasi vilivyoko duniani vimefanywa katika nchi za baridi, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kupima hapa.

Yapo mambo mawili ya hapahapa ambayo ningependa yapimwe kabla ya mengine. La kwanza ni sayanidi. Wengi wenu mnajua kwamba marudio yaliyokwisha pitishwa zebaki sasa hununuliwa na kuloweshwa kwa sayanidi ili kutoa dhahabu iliyobaki. Sayanidi haichagui, huiyeyusha dhahabu na huiyeyusha zebaki pia, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji kwa wepesi ambao ile ya matone haikuwa nao. Mkataba wa Minamata unaitaja desturi hiyo, ya kutia sayanidi kwenye marudio bila kwanza kuondoa zebaki, miongoni mwa zile zinazopaswa kukomeshwa, pamoja na kuchoma donge hadharani au karibu na nyumba za watu. La pili ni mpunga. Shamba la mpunga ni kinamasi kinachokaushwa na kuloweshwa kwa zamu. Tope likikauka, salfaidi hugeuka salfeti. Maji yakirudi, bakteria wanaopumua salfeti huamka na kukuta chakula mezani, na hao ndio miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa zebaki-methili. Wavunjaji wanaamka upesi kiasi hicho, au wanachelewa? Wakichelewa siku tano tu, siku hizo tano ndizo zinazopaswa kupimwa, na atakayekuja na bomba lake mwezi mmoja baadaye hatakuta kitu cha kumshtua.

Najua kuna swali linalowasubiri midomoni, hasa akina mama wanaouza samaki: je, samaki wetu wana sumu? Swali hilo hujibiwa kwa kupima samaki, si tope. Kiwango cha FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kilichotumika kwa miaka mingi ni miligramu 0.5 za zebaki-methili kwa kilo ya samaki wa kawaida na miligramu 1 kwa samaki walao samaki. Utafiti uliochapishwa mapema miaka ya 2000 kuhusu samaki wa Ghuba ya Napoleon, karibu na Jinja, ulikuta wengi wao wakiwa chini ya kiwango hicho. Hilo ni la kutia moyo, lakini ni la ghuba ile na la miaka ile. Mimi mwenyewe nakula sato na mukene, yaani dagaa, bila wasiwasi, na nimewaambia hivyo watu wa nyumbani kwangu. Ninachokitaka kutoka kwenye tope ni habari ya mapema, kabla haijafika kwenye sahani.

Maofisa wa wilaya mmeniuliza tungoje mpaka tuwe na mashine kubwa, au tuanze. Tuanze. Kwa mashine ya kawaida yenye mrija wa dhahabu tunaweza kutia zebaki-methili ya kawaida kwenye chupa za tope zilizojazwa naitrojeni badala ya hewa, na kuona inavyopungua kwa saa. Itatubidi kuongeza nyingi kuliko ninavyopenda, na kwa kasi ya kutengenezwa tutakuwa vipofu, lakini tutaweza kulinganisha kinamasi na kinamasi, masika na kiangazi, chini ya chimbo na juu yake. Sampuli chache zilizochaguliwa vizuri ndizo tutakazozipeleka kwenye maabara yenye spektromita. Na kila kituo tuchukue nguzo tatu za tope, si moja, kwa kuwa hatua mbili tu ndani ya kinamasi zinaweza kukupa jibu jingine kabisa.

Nina ombi moja kabla sijaketi. Wiki ijayo tutaanza kuweka vituo vipya, na kila kituo kitakuwa na ufito uliofungwa kitambaa chekundu, uliokita kwenye tope ili tujue mahali hasa pa kurudi. Mara ya mwisho tulisimika fito kumi na mbili, na tuliporudi tulikuta nne. Nane zilikuwa zimepikia ugali. Sikumlaumu mtu, kuni ni adimu na fito zilikuwa kavu. Safari hii wenyeviti wa vijiji wamekubali tuwaletee mzigo wa kuni kwenye kila kitongoji siku ya kwanza kabisa. Zile zenye kitambaa chekundu, tafadhalini, tuachieni mpaka Desemba.